Fomu inauliza "Mtaa/Kijiji", na mi naishi hapohapo kwenye mkwaju, ule mstari wa katikati

Nina kasteshenari kangu hapa Buhongwa, Mwanza, fotokopi moja, kompyuta mbili (moja inazingua tangu mvua za mwaka jana), printa, na benchi la nje ambalo asubuhi halikosi watu. Kazi yangu kubwa wala siyo kutoa kopi, ni kuwajazia watu fomu. Fomu za NIDA, za mikopo, za kuombea kazi, barua za utambulisho, mikataba ya kuuziana viwanja, na karibu kila fomu ya nchi hii ikishamaliza kukuuliza jina lako na la baba yako inakuja na mistari ileile: Mkoa, Wilaya, Tarafa, Kata, Mtaa/Kijiji, Kitongoji. Hapo ndo watu wanapokwama. Mtu amesoma, ana simu kubwa kuliko yangu, ukimuuliza tarafa anakuangalia kama umemuuliza mahari ya bibi yake.

Wiki chache zilizopita alikuja mzee mmoja wa huku ninakokaa, maana duka liko Buhongwa ila kulala nalala mbele huko, unapoelekea Usagara. Kaja na bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, na nyuma yake kuna kijana wa mjini, kiatu safi, anayetaka kununua kipande cha shamba lake robo ekari. Akanisalimia Kisukuma, "Mwangaluka mayu." Nikamwitikia, nikamsogezea stuli, nikaanza kuchapa mkataba wa mauziano, nimefika pa kutaja eneo nikamuuliza, mzee, shamba liko mtaa gani?

Akanyamaza kwanza. Afu akasema, "Sisi hatuna mtaa. Sisi tuna kitongoji, na kitongoji kiko kwenye kijiji."

Yule kijana akacheka, akasema dada we andika mtaa tu, yote sawa, nina haraka. Mzee akaweka mkono juu ya kibodi yangu, kabisa, juu ya herufi, akasema siyo sawa. "Ukiandika mtaa, huyu kesho atasema hakupaswa kukaa kikao na sisi."

Nikajua ni ubishi wa wazee. Nikaandika kijiji ili tumalize. Usiku nimelala nikakumbuka lile neno kikao, nikaanza kuunganisha na yaliyonipata mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma, nikaona kumbe mle dukani siku ile aliyekuwa anajua nchi yake imegawanywaje ni mzee peke yake, sisi wengine tulikuwa tunajaza nafasi tu.

Nianze na juu halafu nitashuka. Tanzania ina mikoa 31, Bara 26 na Zanzibar 5. Mkoa unagawanywa wilaya, wilaya inagawanywa tarafa, tarafa ina kata, na kata ukiwa mjini ina mitaa, ukiwa shamba ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Hiyo ngazi wengi tuliimba darasa la nne tukaisahau darasa la tano. Kinachochanganya ni kwamba kwenye ngazi hiyo moja wanapanda watu wa aina mbili. Kuna mkono wa serikali kuu, yaani mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, afisa tarafa, hao wote wameletwa, hujawapigia kura. Na kuna mkono wa serikali za mitaa, yaani halmashauri, madiwani wa kata, wenyeviti wa vijiji, wa mitaa na wa vitongoji, hao umewachagua, ila wanafanya kazi na watendaji walioajiriwa, kuanzia mkurugenzi wa halmashauri mpaka mtendaji wa kata na wa kijiji. Ndo maana wilaya siyo halmashauri, japo watu wanazitaja kama kitu kimoja. Mkoa wetu wa Mwanza una wilaya 7: Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Lakini halmashauri ziko 8. Ya nane ni Buchosa, ambayo iko ndani ya wilaya ya Sengerema, kwa hiyo mtu wa Buchosa mkuu wake wa wilaya ni wa Sengerema ila mkurugenzi wake na madiwani wake ni wa kwao. Nimewahi kubishana na mteja wa Nyehunge nusu saa nzima juu ya hili, kila mmoja yuko sahihi na kila mmoja anamwona mwenzake hajasoma.

Afu majina sasa. Jamani aliyepanga majina hakutuonea huruma sisi wa steshenari. Nyamagana ni wilaya, ni jimbo, ni kata na ni uwanja wa mpira. Ilemela ni wilaya, ni manispaa, ni jimbo na ni kata. Mteja anakwambia "andika Ilemela" anakaa kimya anasubiri, we unabaki unamwangalia, Ilemela ipi baba? Na neno lenyewe "serikali za mitaa" linachanganya, maana mtu wa kijijini naye yuko chini ya serikali za mitaa japo hana mtaa, na "serikali ya mtaa" ni ile ofisi ya mwenyekiti pale mnapoenda kugongewa mhuri. Herufi mbili tu.

Sasa tuje kwenye hili la Mwanza jiji. Ukimuuliza mtu wa Dar anakwambia Mwanza ni jiji, basi. Tulipata ujiji mwaka 2000 na tulitamba kweli. Ila 2012 jiji likakatwa, Ilemela ikatoka ikawa manispaa yake, na kilichobaki na jina la Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Nyamagana. Maana yake ni nini? Maana yake uwanja wa ndege wa Mwanza hauko kwenye jiji la Mwanza. Uwanja wa CCM Kirumba hauko jijini. Mwaloni Kirumba, soko la dagaa na samaki ambalo watu wanatoka nchi za jirani kuja kupakia, haliko jijini, liko manispaa. Kwenye sensa ya 2022 Nyamagana ilihesabiwa watu 594,834 na Ilemela 509,687, kwa hiyo karibu nusu ya wanaosema "mi niko jijini Mwanza" wako manispaa, na hakuna anayewasahihisha kwa sababu nani ana muda huo.

Jaribu siku moja kupanda daladala ukiwa unafikiria mipaka, ni kama mchezo. Mi natoka kwangu, niko wilaya ya Misungwi, halmashauri ya wilaya, kijijini kisheria japo nina umeme na jirani yangu ana gari mbili. Dakika chache niko Buhongwa, hapo ni jiji. Napita Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, bado jiji, nafika mjini kati, nabadilisha gari ya airport, Kirumba hiyo, tayari manispaa ya Ilemela, Pasiansi, mpaka airport. Asubuhi moja, halmashauri tatu, wakurugenzi watatu, na konda hajaita hata mpaka mmoja, yeye anaita "Nyegezi kona kuna mtu?" Upande wa barabara ya Musoma ndo vituko zaidi: Mabatini ni Nyamagana, Buzuruga na Nyakato ni Ilemela, Igoma tena Nyamagana, na ukisogea Kisesa umeshaingia Magu. Nyumba zimeungana toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna shamba katikati la kukwambia sasa umetoka mjini.

Na mimi ndo nilidhani hivyo wakati nanunua kiwanja changu. Nilidhani mjini ni taa, lami ikiwa karibu, na duka la Mangi. Kumbe mjini ni karatasi. Eneo linakuwa mji siku limetangazwa kuwa mji, siyo siku lilipojaa mabati. Unaweza kuwa na ghorofa ukaitwa mwanakijiji, na kuna watu ndani ya Nyamagana wanalima mpunga na kuchunga mbuzi na wanaitwa wakazi wa jiji.

Basi mi nikanunua. Dalali akanipeleka kwa mtu aliyemwita mwenyekiti, tukakaa sebuleni kwake, soda, karatasi moja, mashahidi wawili, mhuri puu. Nikaambiwa na asilimia kumi ya ofisi. Nikauliza imeandikwa wapi, dalali akanikanyaga mguu. Nikatoa. Naomba nieleweke, sisemi kijiji gani wala nani, na huenda leo wamebadilika, ila mpaka kesho hakuna aliyenionyesha sheria yenye hiyo asilimia kumi, na risiti sikupewa. Mwaka uliofuata naenda kuomba barua ya kutambulishwa kwenye mkopo, mtendaji mpya akafungua jalada, akafungua daftari la mihtasari, akasema, dada, wewe hutambuliki hapa. Hakuna kikao cha halmashauri ya kijiji kilichokujadili. Huyo aliyekugongea mhuri alikuwa mwenyekiti wa kitongoji na hana mamlaka ya kugawa wala kuidhinisha ardhi ya kijiji.

Nililia kwenye bodaboda mpaka nyumbani, sitaki kuficha.

Ndo nikaanza kusoma. Nchi hii ardhi imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji, na hii ya kijiji ina sheria yake kabisa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Inayosimamia ni halmashauri ya kijiji, siyo mtu mmoja mwenye mhuri sebuleni. Halmashauri ya kijiji ni wajumbe kati ya 15 na 25, wenyeviti wa vitongoji wamo humo, na mtu kutoka nje akitaka kununua kwa mwanakijiji lazima waridhie wao. Na wao wenyewe wako chini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mtu mzima mwenye miaka 18 na kuendelea anayeishi pale, wewe, mama ntilie, mzee wa ng'ombe, wote. Halmashauri haitakiwi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano huo. Mkutano unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi 3 na msome mapato na matumizi. Najua, najua, vijiji vingapi vinaitisha? Wa kwetu ulipita karibu mwaka. Ila haki ipo kwenye karatasi, na mwanakijiji akiidai hana anachoomba, anadai chake. Kijiji kinaweza hata kutunga sheria ndogo zake halmashauri ya wilaya ikizipitisha, na kwa sheria halmashauri yake ni kama mtu, inaweza kushtaki na kushtakiwa.

Sasa linganisha na mtaa. Mtaa una mwenyekiti mnayemchagua, una wajumbe, una mtendaji, una mkutano wa wakazi, lakini ardhi haiko mikononi mwake. Mjini mambo ya viwanja yako juu huko kwa halmashauri na kwa kamishna wa ardhi, unapata hati ya miaka 33 au 66 au 99, na mwenyekiti wa mtaa kazi yake kubwa kwako ni kukujua na kukuandikia barua. Kwa hiyo kijiji kikigeuzwa mji, watu wanapiga vigelegele kwamba tumepandishwa, lami inakuja, thamani ya viwanja inapanda, na ni kweli inapanda, ila kuna kitu kimeondoka kimyakimya usiku: ule mkutano wa chini ya mwembe uliokuwa na kauli ya mwisho kwenye malisho na njia za ng'ombe, sasa ni mkutano wa kusikiliza matangazo. Mi maoni yangu, na najua majirani zangu wenye viwanja vya kuuza watanirushia mawe, bora nibaki mwanakijiji mwenye kikao kuliko mkazi wa jiji mwenye barua ya utambulisho. Huku kwetu kila baada ya muda zinavuma tetesi kwamba jiji linakuja kutumeza, na kila zikivuma bei ya kiwanja inapanda kabla hata hajaja mtu mwenye futi kamba.

Nilimwambia bibi yangu haya akacheka. Bibi ana miaka themanini na kitu, anasema amehamishwa bila kutoka Usukumani. Alizaliwa kwenye butemi, chini ya ntemi, yaani chifu, na pale karibu mkubwa wenu alikuwa ng'wanangwa, ndo anagawa mashamba, ndo anaamua ugomvi wa mipaka. Mpaka leo mwenyekiti wa kijiji akipita barabarani bibi anasema "ng'wanangwa huyo anapita", na mwenyekiti anaitikia tu wala hakasiriki. Utawala wa machifu ukafutwa 1963. Halafu ikaja operesheni vijiji. Mwalimu alisema mwishoni mwa 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, siyo hiari tena, na kwa bibi ilifika 1974. Waliambiwa shusheni vitu. Anasimulia mlango. Babu alikuwa na mlango mmoja mzuri wa mninga, alihofia utaungua, maana kuna nyumba ziliezuliwa na nyingine kuchomwa, akaung'oa usiku akaufunga kwenye baiskeli, akausukuma mpaka kwenye mstari mpya ambako walipewa kipande na kuambiwa hii ndo nyumba yenu, wakati hakuna nyumba, kuna miba. Huo mlango uko mpaka leo jikoni kwa bibi, una alama ya kamba ya baiskeli.

Sheria ya kuandikisha vijiji ilikuja 1975, watu wameshahamishwa tayari. Ilitaka kaya zisizopungua 250 ndo kijiji kiandikishwe. Kwa hiyo vijiji vingi tunavyoviona kama vya asili kabisa, tunazikwa huko, tunapigana na mtu akitudharau kwamba ni wa kijiji fulani, vilichorwa na mtu aliyekuwa na orodha na kalamu. Na mwaka 1972 tayari halmashauri zilikuwa zimefutwa, ikaitwa Madaraka Mikoani, mambo yote yakawa chini ya mkoa na wilaya. Zikarudishwa na sheria za 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, na ule mkwaju kwenye fomu, Mtaa/Kijiji, asili yake ni hizo sheria mbili. Upande wa kushoto uko kwenye sheria ya miji, upande wa kulia uko kwenye sheria ya wilaya.

Na kalamu haijakaukiwa wino. 2012 ilipita tena Kanda ya Ziwa. Geita iliyokuwa wilaya ya Mwanza ikawa mkoa, ikachukua na Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Simiyu ikazaliwa makao yake Bariadi, wakachukua sehemu ya Magu yetu ikaitwa Busega. Nina shangazi Lamadi, huyu kwake ni karibu na maji, miaka yote anakuja Mwanza hospitali, anakuja Mwanza sokoni, harusi zake zote ni Mwanza, siku moja akaambiwa makao makuu yako ni Bariadi, huko bara. Hakuhama. Aliniambia kwenye simu, "mwanangu, mi nimelala Mwanza nimeamka Simiyu." Kitambulisho chake cha zamani kinasema Magu, kadi mpya inasema Busega, na kila akija na nyaraka zote mbili kwangu nipige kopi kuna mtu benki anamwona tapeli.

Kwa upande mwingine tukubali, kugawanya kuna faida. Mtu wa Ukerewe amezungukwa na maji, visiwa vyake ni 38, ukimwambia kila kitu akifuate Mwanza mjini na meli ikiwa mbovu si umemfungia nje ya nchi yake? Nansio kuwa makao ya wilaya yenye ofisi zake ni jambo la lazima, na hata hivyo mtu wa Ukara bado anapanda chombo kwenda Nansio kwanza. Na umbali unabadilika bila mpaka kuguswa. Sengerema zamani ukitaka kuvuka Kigongo kwenda Busisi ulikuwa unapanga safari na foleni ya kivuko, ukikosa unalala. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, mtu anatoka Sengerema anakuja dukani kwangu kupiga kopi ya cheti anarudi kula mchana kwao. Mpaka uko palepale katikati ya maji, Misungwi huku, Sengerema kule. Tumeacha tu kuuogopa.

Kuna mnunuzi wa dagaa kutoka Kisumu, huwa anapitia dukani kunitumia intaneti, aliniuliza "we ni wa kaunti gani?" nikamwambia huku hatuna, akashangaa. Kwao tangu 2013 kuna kaunti 47 na gavana wanampigia kura. Nikamwambia mkuu wetu wa mkoa anateuliwa na Rais. Akaniuliza sasa mkiwa na shida ya barabara mnamzomea nani? Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia diwani. Waganda nao wana zile LC zao, yaani mabaraza yao ya mitaa, kuanzia LC1 ya kijiji mpaka LC5 ya wilaya, yaani ukijua namba unajua ngazi, hiyo naipenda, ingenirahisishia fomu. Na Zanzibar ukiuliza mtaa kwa mambo ya serikali utaambiwa shehia, na sheha hapigiwi kura.

Wengi hawajui walimchagua nani pia. Tarehe 27 Novemba 2024 tulipiga kura za serikali za mitaa, nchi nzima ina vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja na mwenyekiti wake, na mimi siku ile nikawa na karatasi kwa mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na wajumbe, rafiki yangu wa Nyegezi yeye alikuwa na karatasi ya mwenyekiti wa mtaa na ya wajumbe tu, akaondoka. Wiki mbili baadaye namuuliza mwenyekiti wako anaitwa nani, ananiambia sijui, yule mwenye pikipiki nyekundu. Na balozi wa nyumba kumi wala hayumo kwenye hii ngazi ya serikali, ni wa chama, ila we nenda kaombe barua bila kumpitia uone.

Sasa tuna na anwani za makazi, ile operesheni ya 2022, nguzo zikasimikwa, barabara zikapewa majina, nyumba zikapata namba na kila kata ikawa na postikodi yake, za Mwanza zinaanza na 33. Njia ya kwetu ilipewa jina la mti ambao ulishakatwa. Ni kitu kizuri, boda anafika. Ila fomu hazijafuta ule mstari wa zamani, zimeongeza mpya chini yake, kwa hiyo sasa mteja anakwama sehemu mbili.

Mambo yangu ya kiwanja yaliisha, ila kwa kuanza upya. Niliandika barua ya kuomba kutambuliwa, nikaitwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu 20 na ushee, nikaulizwa maswali ambayo hata posa sikuulizwa. Umetoka wapi. Utajenga lini. Maji ya mvua utayaelekeza kwa nani. Mama mmoja akaniuliza kama naimba kwaya. Wakaridhia, ikaandikwa kwenye muhtasari, nikapewa nakala yenye mhuri wa kijiji na sahihi ya mtendaji. Ile asilimia kumi sikurudishiwa.

Na yule mzee wa bahasha ya kaki? Alirudi baada ya siku kumi na moja, bila yule kijana. Mkataba niliouchapa ulipelekwa kikaoni kwanza, kama alivyotaka, na kikao kikamkatalia mpaka arekebishe, kwa sababu robo ekari ile upande wa chini ilikuwa imekula njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Wameenda wote shambani wakapima kwa hatua, wakarudisha njia. Kijana alinuna, akataka bei ipungue, mzee akapunguza. Kwa hiyo nikafungua faili lilelile, nikafuta "mita 40", nikaandika 34, nikaongeza mstari mmoja unaosema upande wa kusini unapakana na njia ya mifugo ya kijiji, nikamsomea kwa sauti mara mbili kwa sababu miwani alisahau nyumbani. Alipofika kwenye neno kijiji akaniambia hapo, rudia hapo. Nikarudia. Akatoa mia tano ya kuprinti.